Nani Alilala Ndani, Nani Alibeba Mawe: Ireland na Majengo Yake

Ukisimama ukingo wa kusini wa Mto Liffey, katikati ya jiji la Dublin, ukatazama ng'ambo, utaliona jengo refu la mawe limelala sambamba na maji. Ni Custom House, nyumba ya forodha iliyosanifiwa na James Gandon na kujengwa kati ya 1781 na 1791. Mwili wake ni mweupe. Shingo ya kuba yake, kule juu kabisa, ni ya kijivu. Mgeni atadhani ni moshi wa magari au mvua ya miaka mingi. Fundi mwashi hatadanganyika: hayo ni mawe ya machimbo mawili. Ya chini ni ya Portland, yaliyovushwa kwa meli kutoka pwani ya kusini ya Uingereza. Ya juu ni ya Ardbraccan, kaunti ya Meath, kilomita kama 50 tu kutoka hapo.

Kati ya jiwe la chini na jiwe la juu ulipita moto. Tarehe 25 Mei 1921 wapiganaji wa IRA, jeshi la wapigania uhuru wa Ireland, waliingia humo, wakamwaga mafuta chumba baada ya chumba, wakawasha. Forodha iliwakosea nini? Wakati ule ndani yake mlikuwa na ofisi za serikali za mitaa na majalada ya kodi. Utawala wa Uingereza ulikaa humo kwa umbo la makaratasi, na anayetaka kuubomoa utawala wa makaratasi huanza na kabati la mafaili. Jengo liliwaka siku tano, na kuba haikusalimika. Serikali mpya ya Ireland ilipolikarabati katika miaka ya 1920 ikaagiza mawe ya nyumbani, na ndiyo maana jengo lile mpaka leo limevaa kilemba cha rangi nyingine.

Kuna jambo jingine kwenye jengo hilo, na mimi ndilo linalonifikirisha zaidi. Kwenye mawe yanayofunga matao yake, mchongaji Edward Smyth alichonga vichwa 14, kimoja cha Bahari ya Atlantiki na vingine vya mito ya Ireland. Kila mto una uso wake, nywele zake na hasira au upole wake, na katika mito yote hiyo Liffey peke yake ndiyo mwanamke. Moto haukuvila. Mwaka 1928 dola changa ya Ireland ilipotoa noti zake za kwanza, nyuma ya noti hizo ziliwekwa nyuso za mito zile zile kutoka Custom House. Miaka saba tu. Jengo lililochomwa kama nyumba ya mkoloni likageuka sura ya pesa ya taifa, na mama wa Cork au wa Galway akawa anakunja noti yenye uso huo anaponunua mkate.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kwa miaka mingi Waireland waliliuliza kila jengo swali moja: nani alilala ndani? Jibu likiwa ni kabaila wa Kiingereza, au mkuu wa dola iliyowatawala, jengo limekwisha hukumiwa. Swali hilo lina haki yake, wala simlaumu mtu ambaye babu yake alifukuzwa shambani kwa amri iliyotoka nyumba yenye nguzo nane. Ila swali hilo peke yake huwapokonya waliojenga. Smyth alikuwa mtu wa hapo hapo. Waashi, maseremala na wapaka lipu wa Dublin walikuwa watu wa hapo hapo. Ukisema nyumba ni ya bwana kwa kuwa bwana aliilipia, umekubali hesabu ya bwana mwenyewe.

Wakati taifa linajitafuta, ni rahisi kupenda majengo yasiyo na bwana. Ireland inayo, tena ya kustaajabisha. Newgrange, kwenye bonde la mto Boyne, ni kaburi la mawe lililojengwa yapata 3200 KK, karne kadhaa kabla ya piramidi kuu ya Giza. Ndani yake kuna ujia wa mita 19 unaofika kwenye chumba ambacho paa lake limepandishwa kwa mabamba ya mawe yaliyopangwa duara juu ya duara, kila duara likijongea ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka jiwe la mwisho likaziba tundu kimo cha mita 6. Mafundi wale walichimba vijia kwenye mabamba ya paa ili maji ya mvua yateremkie pembeni. Yanateremka mpaka leo. Ireland ni nchi ya mvua, na chumba kile ni kikavu baada ya miaka 5,000.

Juu ya mlango kuna dirisha dogo la jiwe. Wenyeji walikuwa na masimulizi kwamba jua huingia humo siku fulani. Tarehe 21 Desemba 1967 mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly aliingia peke yake gizani, akakaa, akasubiri macheo ya siku fupi kuliko zote za mwaka. Mwale mwembamba ukapenya kwenye dirisha lile, ukatambaa juu ya sakafu, ukapanuka, chumba kikang'aa. Hudumu kama dakika 17, kisha giza hurudi. Siku hizi nafasi ya kuingia humo asubuhi ya majira hayo hugawiwa kwa bahati nasibu kwa jinsi waombaji walivyo wengi, na tangu 1993 eneo zima liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Fahari ya namna hii haina doa, ndivyo inavyoonekana. Hakuna mwenye shamba, hakuna askari, hakuna kodi. Lakini uangalie ule ukuta mweupe wa mawe ya kwazi unaometa mbele ya Newgrange, ule unaoonekana kwenye kila kadi ya watalii. Mawe ni ya kale. Kusimama kwake wima ni kwa miaka ya 1970: O'Kelly aliyakuta yameanguka chini mbele ya kaburi, akakadiria yalivyokuwa, akayasimamisha juu ya ukuta wa zege. Wanaakiolojia wengine hawakukubaliana naye. Jirani kabisa, huko Knowth, George Eogan alipochimba kaburi la rika lile lile aliiacha kwazi ilale chini kama zulia mlangoni. Mafundi wa zama moja, bonde moja, na watu wa karne ya 20 wakatoa majibu mawili. Mimi ukuta ule naupenda. Naupenda huku nikijua kwamba sehemu ya ninachokipenda ni mkono wa mtu aliyekuwa hai juzi, aliyetaka nchi yake ionekane ilivyostahili.

Wa karne ya 19 walifanya hivyo hivyo na minara ya mviringo. Minara hiyo myembamba yenye kofia ya mawe imesimama penye magofu ya nyumba za watawa, kama ule wa Glendalough wenye mita 30 hivi. Kwa muda mrefu watu walibishana kama ilijengwa na Wafoeniki, mabaharia wa kale wa Mashariki ya Kati, au waabudu moto. George Petrie akaumaliza ubishi kwa utafiti wake wa miaka ya 1830: ni minara ya kengele ya Wakristo wa Ireland wenyewe, na jina lake la Kigaeli, lugha ya asili ya Waireland, cloigtheach, maana yake ni nyumba ya kengele tu. Habari hiyo iliwagusa watu. Tangu hapo mnara ukawa alama ya taifa pamoja na kinubi na jani la shamroki. Daniel O'Connell, aliyewapigania Wakatoliki mpaka wakaruhusiwa kuingia Bunge la Uingereza, alipofariki, wakamjengea mnara wa namna hiyo kwenye makaburi ya Glasnevin, na mwaka 1869 mwili wake ukahamishiwa chini yake. Una kama mita 55. Watawa wa kale hawakuwahi kujenga mrefu kiasi hicho. Wajukuu wakamzidi babu kimo ili waonyeshe kuwa ni wajukuu zake.

Sasa, kati ya watawa wale na wajukuu hawa kuna karne saba za utawala wa kigeni. Fahari ilizivuka kwa mruko mmoja. Na ndani ya karne hizo ndimo mlimojengwa sehemu kubwa ya katikati ya jiji la Dublin anayoiona mtu leo.

Twende Henrietta Street, nambari 14, upande wa kaskazini wa mto. Mtaa huo ulianzishwa na tajiri Luke Gardiner katika miaka ya 1720, na nyumba hii ikajengwa mwishoni mwa miaka ya 1740 kwa ajili ya familia ya bwana mkubwa: dari za juu, mapambo ya lipu, ngazi ya kupokelea wageni. Mwaka 1801 Muungano na Uingereza ukaanza kazi. Bunge la Ireland lilikuwa limejifuta lenyewe, na nyumba yake ya College Green, ya kwanza duniani kujengwa mahususi kwa ajili ya bunge la mabaraza mawili, ikauzwa kwa Bank of Ireland. Wakubwa wakahamia London kulikobaki siasa. Nyumba zao zikashuka daraja mwaka hadi mwaka: mawakili, kisha kambi, kisha vyumba vya kupanga. Mwaka 1877 mwenye nyumba Thomas Vance aliing'oa ngazi kuu ya nambari 14 ili apate nafasi zaidi, akaigawa nyumba vipande 19. Sensa ya 1911 ilikuta watu 100 wakiishi humo. Mia moja, katika nyumba ya familia moja.

Hali ilikuwa hiyo Dublin nzima. Septemba 1913 nyumba za kupanga ziliporomoka Church Street zikaua watu 7. Juni 1963, miaka 40 baada ya uhuru, nyumba za Bolton Street na Fenian Street ziliporomoka ndani ya siku chache, watu 4 wakafa, wawili kati yao wasichana wadogo waliokuwa wakipita njia. Baada ya hapo halmashauri ya jiji ikaingia kubomoa kwa mamia. Mtetezi yeyote wa majengo ya kale anapaswa kulitazama jambo hili usoni kabla hajafungua mdomo. Kwa mama aliyelala na watoto wanane chumba kimoja chini ya dari yenye malaika wa lipu, choo kikiwa uani kwa nyumba nzima, nyumba ile haikuwa sanaa. Ilikuwa kifua kikuu na panya. Alipopewa nyumba ya halmashauri pembezoni mwa jiji yenye bomba lake la maji, alishangilia, na alikuwa na haki ya kushangilia.

Ndiyo sababu vita vya miaka ya 1960 vilikuwa vigumu sana. Shirika la umeme la taifa, ESB, lilitaka makao makuu mapya Fitzwilliam Street, kwenye mstari mrefu kuliko yote wa nyumba za zama za Wajoji, yaani wafalme wa Uingereza walioitwa George, uliokuwa umebaki jijini. Lilibomoa nyumba 16 kwa mkupuo. Kabla ya hapo lilimlipa mwanahistoria mashuhuri wa usanifu kutoka Uingereza, John Summerson, atoe maoni yake, naye akasema nyumba zile hazikuwa na thamani ya kipekee. Nikiifikiria habari hii sipati usingizi wa maana. Shirika la Waireland, lililotokana na fahari ya uhuru wao, lilikwenda kutafuta ruhusa kwa Mwingereza ili livunje nyumba zilizojengwa na Waireland, kwa hoja kwamba nyumba hizo ni za Waingereza.

Waliozitetea nao walikuwa na udhaifu wao. Chama cha Irish Georgian Society kilianzishwa mwaka 1958 na Desmond Guinness na mkewe Mariga, watu wa ukoo wa wenye bia, na kilifanya kazi kubwa ambayo bila hiyo Castletown House, ule mjengo wa mwaka 1722 wa kaunti ya Kildare, leo pengine ungekuwa kifusi. Lakini kilikuwa rahisi kubezwa. Wanafunzi walipoingia kwenye nyumba za Hume Street mwishoni mwa 1969 na kulala humo miezi kadhaa ili zisibomolewe, Kevin Boland, waziri aliyehusika na serikali za mitaa, alisimama bungeni akawakejeli watetezi wa nyumba hizo kuwa ni kundi la mamwinyi wenye vyeo, wake zao, na wasomi wa mrengo wa kushoto. Kejeli ilinasa kwa sababu ilikuwa na chembe ya kweli. Aliyezipenda nyumba zile kwa sauti kubwa hakuwa yule aliyezaliwa ndani yake.

Kumbe jawabu lilikuwa humo humo ndani. Nambari 14 ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2018, na walioitengeneza walifanya jambo la busara kuliko yote niyajuayo katika habari hizi: hawakuirudisha kwa bwana mkubwa. Ghorofa moja utaona dari na mapambo ya karne ya 18. Shuka chini, kuta za ukumbini ni nyekundu na bluu, rangi za nyumba za kupanga. Ile bluu inajulikana kwa jina la Reckitt, bluu ya kufulia nguo nyeupe, iliyopakwa ukutani kwa kuwa ni rahisi na mwenye nyumba hakutaka gharama. Rangi zimepasuka, zina mikwaruzo ya ndoo na magurudumu ya vigari vya watoto. Waliokulia humo walihojiwa, na wanayoyakumbuka ndiyo anayosimuliwa mgeni. Sasa mjukuu wa mfua nguo anaweza kusema nyumba hii ni ya kwetu, akiwa na ushahidi ukutani. Nijuavyo mimi, hakuna hoja ya kitaalamu iliyowahi kuzidi ile bluu.

Posta Kuu ya O'Connell Street haikuhitaji kutetewa hivyo. Ilisanifiwa na Francis Johnston na kufunguliwa mwaka 1818 kama ofisi ya dola ya Uingereza, nguzo sita mbele, sanamu tatu juu ya paa. Ingebaki hivyo. Lakini Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, Patrick Pearse, kiongozi wa uasi dhidi ya Uingereza, alisimama mbele yake akasoma tangazo la jamhuri, na mwisho wa juma hilo jengo lilikuwa limebaki gamba: uso umesimama, ndani majivu. Likajengwa upya nyuma ya uso ule ule na kufunguliwa 1929. Nguzo zina madoa ya risasi, na watu huyagusa kwa kidole wakipita kwenda kununua stempu. Mita chache tu kutoka hapo ilisimama nguzo ya amirali wa Uingereza, Nelson, tangu 1809. Machi 1966 ililipuliwa usiku. Mtaa mmoja, mtawala mmoja aliyejenga vyote viwili. Kimoja kilipata damu ya wenyeji kikawa chao, kingine hakikupata kitu kikaondoka.

Gereza la Kilmainham linanigusa kwa namna nyingine. Lilifunguliwa 1796, likafungwa 1924. Viongozi 14 wa uasi wa 1916 walipigwa risasi kwenye ua wake. Serikali ya Ireland huru ikaliacha miongo mitatu na zaidi, miti ikaota sakafuni, paa likaingia maji, kukawa na mipango ya kulibomoa. Mwaka 1960 raia wakajitolea: waashi, maseremala, mafundi bomba, wafungwa wa zamani, jioni na siku za mapumziko, bila malipo, wakizoa taka na kuezua paa bovu. Mwaka 1966 lilifunguliwa na rais Éamon de Valera, aliyewahi kufungwa humo. Kama kuna mahali ambapo aliyebeba mawe na aliyelala ndani walikuwa mtu mmoja, ni hapo.

Hata hivyo waliojitolea walikubaliana sharti: vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile Waireland walivyopigana juu ya mkataba wao na Uingereza, visizungumzwe. Wengine walikuwa wamepigana upande huu, wengine ule. Na kwenye gereza hilo hilo, tarehe 17 Novemba 1922, vijana wanne waliopinga mkataba na Uingereza walipigwa risasi na askari wa Ireland yenyewe. Nawaelewa waliokula kiapo cha kimya, kwani bila kimya kile paa lisingeezekwa. Lakini fahari iliyoezekwa kwa kimya hudai deni lake baadaye.

Majumba ya makabaila mashambani yana hesabu yao. Zaidi ya 200 yalichomwa kati ya 1920 na 1923. Kasri la Mitchelstown, kaunti ya Cork, lilichomwa Agosti 1922, kisha mawe yake yakanunuliwa na watawa wa Mount Melleray wakajengea abasia yao mpya. Yale yale mawe yaliyochongwa kumpamba bwana yakaenda kubeba nyimbo za asubuhi. Wengine huita hasara. Mimi naona hapo mawe yamepewa kazi ya pili. Ambayo hayakupata kazi ya pili ni ya masikini. Sensa ya 1841 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya nyumba za Ireland ni vibanda vya udongo vya chumba kimoja. Njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine milioni moja, na vibanda vikayeyuka mvuani. Kwenye mteremko wa Slievemore, kisiwa cha Achill, zimebaki safu za nyumba za mawe zisizo na paa, kondoo wanaingia na kutoka. Taifa halina kasri la watu hao la kulipigania. Lina kuta hizo, fupi kiasi cha mtu mzima kuegemeza kiwiko.

Wood Quay ilionyesha kwamba fikra zimebadilika. Katika miaka ya 1970 halmashauri ya Dublin ilichimba msingi wa ofisi zake ikakuta mji wa Waviking: njia za mbao, viwanja, nyumba za fito, masalio ya karne ya 10 na 11. Waviking ni wageni kutoka Skandinavia, wavamizi, waporaji wa nyumba za watawa. Kwa hesabu ya zamani hawana chao. Lakini tarehe 23 Septemba 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana nyuma ya padri na mwanahistoria F. X. Martin kuwatetea. Walishindwa. Ofisi zikajengwa, na zipo. Ila baada ya kushindwa huko hakuna halmashauri iliyoweza tena kufukia historia bila kelele, na sheria ya mipango miji ya mwaka 2000 ilizilazimu halmashauri zote kuwa na orodha ya majengo yanayolindwa.

Lipo jengo moja ambalo halitafutiwi fahari, nalo naliona ndilo mtihani mgumu kuliko yote. Ni nyumba ya kufulia ya watawa wa kike Sean McDermott Street, Dublin, mojawapo ya zile zilizoitwa za Magdalena, walimofungiwa wasichana na wanawake wakafulishwa bila mshahara. Hii haikuletwa na Uingereza. Iliendeshwa katika Ireland huru mpaka 1996, ya mwisho kufungwa. Mwaka 2018 halmashauri ilikuwa karibu kuiuza ijengwe hoteli. Madiwani wakapiga kura kukataa. Machi 2022 serikali ikaidhinisha iwe kituo cha taifa cha kumbukumbu na utafiti. Nani alilala ndani, safari hii, ni swali la haki kabisa, na wanaolijibu ni wanawake walio hai.

Basi nikiulizwa fahari ya Waireland kwa majengo yao ipimwe wapi leo, siendi kwenye kadi za watalii. Naenda kwenye mifereji ya paa. Sensa ya 2022 ilihesabu makazi 166,752 yaliyo tupu, katika nchi ambayo vijana wake wanashindwa kulipa kodi ya nyumba. Si yote ya kale, lakini pita kwenye mji wowote mdogo, inua macho juu ya maduka, utaona madirisha ya karne ya 19 yenye njiwa na magugu. Serikali sasa inatoa ruzuku ya hadi yuro 50,000 kwa anayefufua nyumba tupu, na hadi yuro 70,000 ikiwa imechakaa kabisa. Naona fedha hizo zinafanya kazi ya uzalendo kuliko hotuba yoyote, kwa sababu humrudisha mtu ndani, naye mtu akiwa ndani, paa huzibwa.

ESB nayo ilirudi Fitzwilliam Street. Katika miaka ya karibuni imelivunja lile jengo la zege lililozua vita na kujenga jingine, michoro yake ikiongozwa na Grafton Architects, ofisi ya Yvonne Farrell na Shelley McNamara, Waireland waliopata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu, mwaka 2020. Uso wake ni wa matofali, madirisha marefu membamba, mpangilio unaofuata pumzi ya nyumba za jirani bila kujifanya ni za mwaka 1790. Zile 16 hazikurudi.

Na Desemba 2024 UNESCO iliiingiza Ireland kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa kwa ufundi wa kujenga kwa mawe makavu, bila chokaa wala saruji. Safari hii kilichoandikwa si jengo, ni kazi ya mikono. Ni ufundi wa akina Newgrange, wa vijumba vya watawa vilivyofanana na mizinga ya nyuki kwenye mwamba wa Skellig Michael, na wa kuta za mashamba ya magharibi ambazo hakuna kitabu kilichoandika majina ya waliozijenga. Mwashi wa leo bado huokota jiwe, huligeuza mara mbili tatu kiganjani, hulijaribu kwenye pengo, hulitoa, huchukua jingine.